Jumamosi tunaulizana: unasoma nini?

Kikoba chetu kina wanawake 18, na tunakutana kila Jumamosi saa 10 jioni kwangu, Ngamiani hapa Tanga, kwenye kibaraza ninachoshonea nguo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mpaka wote wafike, hakuna hisa inayonunuliwa wala mkopo unaotolewa. Muda ule wa kungojea funguo ndio nilioupigia hesabu. Kila mtu alikuwa ameinamia simu yake, na mimi nilikuwa na hamu kubwa ya mtu wa kuongea naye juu ya vitabu.

Mwanzoni nilikosea. Nilitaka tusome kitabu kimoja sote, nikachagua Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990, kwa sababu ni kembamba. Naipenda sana riwaya ile, lakini si ya kumpa mtu ambaye hajashika kitabu tangu amalize shule. Ni kama ndoto ndani ya ndoto, na msomaji anaachiwa atafute njia mwenyewe. Kitabu kilipita mikono mitano kikarudi bila hata kona ya ukurasa kukunjika. Baya zaidi, wenzangu wawili wakaanza kuchelewa kwenye kikao ili wasije wakaulizwa wamefika wapi.

Nikaacha kupanga. Jumamosi iliyofuata niliuliza tu, "Jamani, nani anasoma nini?" Nikasema chochote kinahesabiwa: gazeti, kitabu cha dua, hata kitabu cha mtoto cha darasa la tano. Sema umefika wapi na nini kimekugusa, basi. Sharti likawa moja, ambalo mweka hazina wetu ndiye aliyelileta: atakayesimulia mwisho wa hadithi analipa faini shilingi 500, sawasawa na faini ya kuchelewa, na hela hiyo inakwenda kununua vitabu.

Mwenzetu anayeuza mihogo ndiye aliyewasha moto. Alikuwa ameazima Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa mdogo wake, akatueleza habari za Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa mwenye duka aliyemzidi umri mno, akatoroka. "Ndugu zake wamemkataa," alisema, huku bado ana kisu cha kumenyea mkononi. "Aliyempokea ni Mwajuma. Mwajuma mwenyewe hana kitu!" Hakuna aliyeuliza riwaya ina mafunzo gani, kama tulivyokuwa tukiulizwa shuleni. Wakauliza nani anafuata kukisoma. Watatu walinyoosha mkono.

Hapo ikabidi tuweke zamu. Kila kitabu nakishonea jalada la vipande vya kanga vinavyobaki mezani, lenye kamba ya kufungia na kimfuko kwa ndani. Ndani ya kimfuko kuna karatasi: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Wiki mbili kwa mtu. Jalada limesaidia kuliko nilivyodhani, maana vitabu hivi vinasomwa jikoni, na mafuta ya nazi hayana huruma na karatasi.

Mkubwa wetu kwa umri, tunayemwita Bi Mkubwa, alijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima, kampeni ile iliyoanza mwaka 1970. Anasoma kwa kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, kurasa mbili au tatu kwa siku. Yeye ana Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Anampenda Utubora kwa kuacha kazi ya mshahara akaenda Busutamu kulima, na kila wiki anatuletea sentensi moja aliyoikariri. Tunanyamaza kabisa akiisema. Mimi nilikuwa nimekisoma zamani na nikadhani nakijua. Kumbe sikuwahi kukisikia.

Kitabu cha kwanza tulichonunua kwa hela za faini, na mchango kidogo juu yake, ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis ndiye aliyeifasiri. Aliyeanza zamu ni muuza samaki. Jumamosi yake ya kwanza alisimama, na kwa kawaida hasimami, akasema: "Mtoto Yusuf anaambiwa anakwenda na ami yake. Kumbe baba anadaiwa. Mtoto ndiye dhamana."

Watu wa kikoba wanalijua neno dhamana. Sisi huandikisha sofa, cherehani, runinga. Nilimwona mwenyekiti akiligeukia lile sanduku la kufuli tatu. Siku hiyo tulizungumza mpaka magharibi ikaadhiniwa: nani kati yetu aliwahi kupelekwa kwa watu utotoni akaambiwa ni kwa shangazi, na alikwenda kufanya kazi gani huko. Wawili walisema mambo ambayo miaka sita ya kuweka hisa pamoja hawajawahi kuyasema. Mimi nilizima cherehani nikasikiliza.

Wiki zake mbili zikapita, ikafika ya tatu, Peponi haijarudi. Anayefuata kwenye karatasi akaanza kunung'unika, na mweka hazina akafungua daftari la faini. Muuza samaki akakitoa kitabu kwenye kikapu, kimefungwa kamba vizuri, akakipakata.

"Yusuf yuko safarini bara na msafara, na hali yao mbaya," alisema. "Nitamwachaje huko njiani?"

Bi Mkubwa akainua kidole chake cha kusomea. "Mpeni wiki moja, wanangu. Mbona mie tangu Mfungo Tatu niko Busutamu na hamjanifukuza?"