Ripoti za Shahada ya Kwanza Zisiishie Kabatini

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vya Dodoma hutawanyika Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa wakiwa na hojaji mkononi, wakawahoji wakulima kuhusu mvua, akina mama kuhusu maji ya visima na walimu kuhusu utoro. Wakirudi huandika ripoti, huzipeleka kujalidiwa na kukabidhi nakala idarani, na baada ya hapo nyingi hazifunguliwi tena. Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja mjini hapa, na sehemu ya kazi yangu ni kuziingiza ripoti hizo katika hifadhi ya kidijitali ya maktaba ili zisomwe mtandaoni na yeyote azitakaye.

Wapo wahadhiri wanaosema kwamba kazi za shahada ya kwanza ni za kujifunzia tu, kwamba sampuli zake ni ndogo na uchambuzi wake haujakomaa, kwa hiyo hazistahili kuwekwa hadharani. Sampuli ni ndogo kweli. Lakini ni nani mwingine atakayekwenda kijiji kimoja cha Bahi na kuandika, kaya kwa kaya, ni akina nani walioacha mahindi wakarudi kwenye mtama na uwele, akizungumza nao kwa Kigogo pale inapobidi? Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na maamuzi ya wakulima katika msimu uliokwisha kupita hayawezi kukusanywa upya miaka kumi baadaye. Aliyeyaandika wakati ule ameyaokoa, hata kama jedwali lake la tatu lina kasoro.

Programu tunayotumia ni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Haina ada ya leseni, jambo linalotuwezesha kuimudu. Kila kazi inayoingizwa hupewa anwani ya kudumu, ambayo haibadiliki hata tovuti ikihamishiwa seva nyingine, na taarifa zake huweza kusomwa na mitambo ya kutafutia kama Google Scholar.

Hata hivyo mitambo hiyo hupata kile tu ilichoelezwa, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Niliwahi kupokea ripoti nzuri kuhusu umwagiliaji wa zabibu Makutupora, ambayo maneno yake muhimu yalikuwa “changamoto, wakulima, maendeleo, Tanzania”. Maneno hayo yangeizika ripoti ile chini ya maelfu ya nyingine. Tuliketi na mwandishi, binti makini sana, tukaweka zabibu, umwagiliaji, Makutupora na Dodoma. Kisha tukaipunguza ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni mwa ripoti, tukaondoa aya nzima iliyoeleza umuhimu wa kilimo kwa uchumi wa taifa, na mahali pake tukaweka mashamba yaliyotembelewa, waliohojiwa, mwezi na mwaka, na alichokikuta. Nilimwomba pia aandike ikisiri ya pili kwa Kiswahili, kwa kuwa ripoti yenyewe ilikuwa ya Kiingereza na wakulima waliompa muda wao wana haki ya kujua alichoandika. Natamani hilo liwe sharti kwa kila ripoti.

Viambatisho huhitaji jicho kali zaidi. Wanafunzi wengine huambatisha orodha ya waliohojiwa, majina na namba za simu zikiwa zimepangwa vizuri, na wengine huweka picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu, lakini hata bila sheria, mtu aliyekubali kujibu maswali barazani kwake hakukubali namba yake isomwe na dunia nzima. Kurasa hizo tunaziondoa katika nakala ya mtandaoni. Kufuta jina pekee wakati mwingine hakutoshi, maana “mwenyekiti wa kijiji”, kijiji kikiwa kimetajwa, ni mtu mmoja tu.

Wanafunzi wenyewe huogopa zaidi kuibiwa kazi. Nawaelewa, lakini ripoti ambayo haiko mtandaoni tayari inazunguka kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, na katika mashine za stesheneri, bila yeyote kujua ilikotoka. Ikiwa katika hifadhi, ina jina la mwandishi na tarehe iliyoingizwa, na wizi wake ni rahisi kuuthibitisha. Hakimiliki hainyakuliwi na maktaba: mwandishi hutia saini kibali cha kuionyesha tu, huchagua leseni ya Creative Commons inayomfaa, yaani tamko la wazi la jinsi wengine wanavyoruhusiwa kuitumia kazi yake, na akitaka kwanza kuchapisha makala jaridani, tunaweza kulifunga faili kwa muda huku ikisiri ikiendelea kuonekana.

Ninachowaomba wakuu wa idara ni kwamba msimamizi, anapopitisha ripoti, aandike palepale kama inafaa kuwekwa mtandaoni, na mwanafunzi akabidhi faili na kibali siku anapokuja maktaba kuthibitishiwa kuwa hadaiwi vitabu. Siku hiyo msimamizi bado anamkumbuka na simu yake bado inapatikana. Akishahitimu na kurudi Kigoma au Mtwara, kumpata kwa ajili ya saini moja huchukua miezi.