Mabango kumi na moja ya mamba

Bango la kwanza tulilikuta Kisesa, jasho la foleni ya Buzuruga halijakauka hata. Mamba wa kijani, mdomo wazi, meno mengi kuliko ya mamba yeyote niliyewahi kumwona, na chini yake maandishi mekundu: BADO KIDOGO TU! KILOMITA 60. Binamu akashusha kioo akalipiga picha. Shangazi, kutoka kiti cha nyuma, akauliza kama huyo mamba anadaiwa na mtu, mbona anatafutwa hivyo.

Tulikuwa watatu kwenye Noah ya kuazima. Binamu alikuwa amerudi likizo baada ya miaka tisa Minnesota, na alikuwa na ombi moja: afike Butiama kwa Mwalimu kabla hajapanda ndege. Shangazi, mama yake mzazi, alikuja kwa sababu hamwamini mtu yeyote na mwanawe barabarani, hata mimi niliyemchukua kutoka uwanja wa ndege. Amebeba ndoo ndogo ya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), chupa mbili za chai, na kanga ya kujifunika asipigwe na upepo.

Asubuhi tulikuwa tumeshapita Kamanga, kwenye jiwe la Bismarck, maana huwezi kumtoa mgeni Mwanza bila kumwonyesha jiwe lile. Liko kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye ukuta wa kila hoteli. Binamu alikulia Magu na akasoma sekondari hapa hapa mjini, lakini alilitazama kama anayeliona mara ya kwanza. "Ndiyo hili tu?" Ndiyo hilo tu. Mawe yamepandana ndani ya maji hatua chache kutoka barabarani, kongoti wawili wamesimama kama walinzi waliochoka, na mvuvi kwenye mtumbwi hana habari na Bismarck wala na sisi. Husimuliwa kwamba Wajerumani waliweka sanamu ya huyo Bismarck, kansela wao, juu yake na baadaye ikaondolewa. Sanamu imeondoka, jina limebaki. Nilimwambia binamu kitu kimoja cha kulisifu: ni bure, na dakika tano zinatosha. Kama wangejenga geti nisingemsimamisha.

Sasa huyu mamba. Bango la pili lilikuwa Nyanguge, la tatu kabla ya Magu likiwa limepigwa X nyekundu na watu wa barabara, na kila moja kubwa kuliko lililotangulia. Mamba wa miaka mia! Chatu mla mbuzi! Watoto watafurahi! Binamu akaanza kuhesabu kwa sauti kama kondakta.

Ndipo akatusimulia ya Wall Drug. Amewahi kuendesha malori huko Marekani, na anasema ukikata South Dakota, kuna duka linakufuata kwa vibao mamia ya kilomita. Lilikuwa duka la dawa la kawaida katika kimji kinachoitwa Wall. Ted Hustead na mkewe Dorothy walilinunua mwaka 1931, hali ya uchumi mbaya, na kwa miaka mitano magari yakawa yanawapita tu. Kiangazi cha 1936 Dorothy akawaza: hawa wasafiri wametoka nyikani kwenye joto kali, wanataka nini? Wanataka maji baridi. Wakaandika vibao, wakavisimika barabarani: maji ya barafu, bure. Inasemekana Ted hajarudi dukani na nyundo yake, wateja wameshaanza kuingia. Leo ni kama soko zima, na dinosaria la kutengenezwa liko nje.

"Na wewe uliingia?" nikamuuliza.

"Mara tatu. Hakuna kitu cha maana. Lakini ukiona kibao cha arobaini, huwezi kupita. Unajiona umeshaanza kazi, lazima uimalize."

Shangazi akakaa kimya kidogo. "Maji ya bure ni jambo la maana. Huyu mamba yeye anatoa nini?"

Nilikuwa nimeshika hamsini kwa hamsini, jicho moja kwenye kasi na jingine kwenye vichaka. Kati ya Magu na Lamadi vijiji vimeshikana, na kile kibao cheupe cha 50 ndicho tangazo pekee barabara hii ambalo ukilipuuza linakulipisha papo hapo. Kulia mashamba ya pamba, kushoto ziwa linaonekana na kupotea. Bango la nane. La tisa. La kumi likasema KATA KUSHOTO SASA, na kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na basi la Musoma linalosukuma kama limeibiwa, sikukata. Mita mia mbili mbele, bango la kumi na moja: UMEPITA! GEUZA. Nikageuza. Mtu anayekujua kiasi hicho unamheshimu kwanza.

Jina la mahali pale sitaliandika. Getini kijana alitusalimia vizuri, akatazama kaptura na kofia ya binamu, akatoa bei: raia elfu tano, mgeni elfu thelathini. Binamu akafungua mdomo kujitetea, na Kiswahili chake cha miaka tisa kikamwangusha. Kijana akaomba kitambulisho cha taifa. Hana. Shangazi akateremka.

"Mwanangu, unamwita nani mgeni?"

"Mama, ni utaratibu tu..."

"Huyu nimemzaa mimi, Magu, mwaka wa vita vya Amin. Taa ya chemli. Mkunga yuko hai. Nimpigie?"

Mkunga hakupigiwa. Tuliingia watatu kwa elfu kumi na tano.

Ndani kulikuwa na bwawa la saruji la ukubwa wa ukumbi wa kanisa dogo, maji ya kijani, na mamba wawili. Mmoja sina hakika hadi leo kama hakuwa wa saruji pia. Tulimtazama robo saa nzima. Binamu akadai amepepesa jicho, mimi nikasema ni nzi. Chatu mla mbuzi alikuwa amejikunja kwenye banda la wavu, mgongo ametugeuzia, kama mtu aliyesikia wageni wamekuja akajifanya amelala. Kijana wetu alisoma maelezo yake kichwani kwa pumzi moja, mamba anataga mayai mangapi, anaishi miaka mingapi, na nilipomuuliza huyu mkubwa alivuliwa wapi, akaanza tena mwanzo: mamba ni mnyama mtambaazi. Hotuba ile haikuwa na mlango wa maswali.

Lakini niwe mkweli. Choo chao kilikuwa kisafi. Vigae vyeupe, maji yanatoka, sabuni ipo, mlango unafunga. Yeyote aliyesafiri na mzee wa miaka sabini na ushei anajua hilo si jambo dogo. Na soda ilikuwa ya baridi kweli, si ile ya "iko baridi kidogo". Shangazi alikaa chini ya mwembe wao, miguu ameinyoosha, akala matobolwa yake mwenyewe, na akatoa hukumu: elfu tano ya choo na kivuli imerudi, mamba tumepewa kama nyongeza. Nafikiri yule mama wa South Dakota angemwelewa vizuri sana. Tulipotoka, tukakuta kijana ameshabandika stika ya mamba kwenye bampa ya nyuma. Hakuuliza mtu.

Lamadi tulikula. Pale hakuna bango, kuna boksi lililokatwa na kuandikwa kwa mkaa SAMAKI UPO, na mama anayekuuliza unataka kichwa au mkia. Sato amekaangwa mbele yetu, mafuta yanaruka, chumvi na ndimu pembeni, ugali moto. Binamu alikula bila kusema neno, kisha akaagiza mwingine, na wakati anautoa uti wa mgongo wa yule wa pili, mzima mzima, kwa vidole viwili, nikajua amefika nyumbani.

Mbele kidogo ya Lamadi hifadhi ya Serengeti inashuka hadi karibu na barabara, kwenye lango la Ndabaka. Watu hulipia safari ya siku nzima kutoka Arusha kuja kuona wanyama. Sisi tuliwaona pundamilia kutoka dirishani, mbali, wakila majani pamoja na ng'ombe wa watu, au hivyo ndivyo ilivyoonekana kutoka pale. Sikusimama. Jua lilikuwa linatukimbia.

Butiama sina mengi ya kusema, kwa kuwa ilikuwa safari ya binamu, si yangu. Tulipelekwa makumbusho, kisha Mwitongo, nyumbani kwa familia, ambako Mwalimu amezikwa, na baba yake Chifu Nyerere Burito yuko hapo hapo. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na binamu anakumbuka alivyosikia tangazo redioni akiwa bwenini, wavulana wazima wakalia. Alisimama kaburini muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Picha hakupiga. Tukalala Musoma.

Kesho yake, wakati wa kurudi, ndipo nilipokata kona Kisesa kuingia Bujora. Jana tulikuwa tumeipita, macho yote kwa mamba. Kibao chake hakina mnyama wala alama ya mshangao. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, unaacha lami unapanda kidogo kwenye mawe, na unakuta kijiji cha makumbusho ya Wasukuma kilichoanzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, aliyefika akapenda mambo ya watu aliotumwa kuwabadilisha. Jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kanisani ukiangalia altareni unaona nyumba ya Kisukuma na paa lake la msonge.

Mzee aliyetupokea alimwona shangazi akaacha Kiswahili palepale. "Mwadila, mayu." Shangazi akajibu, na salamu zikaendelea hadi kwa mababu. Baadaye mzee akauliza swali moja tu: "Kwenu mlicheza upande gani?"

Kwa asiyejua: ngoma za mashindano za Wasukuma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na zinatokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Ushindi unaamuliwa na watazamaji. Kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda, na ndiyo maana wachezaji hutafuta kila mbinu, nyoka mkononi, jembe linarushwa hewani kwenye ngoma ya bugobogobo, vichekesho, hirizi za kumpofusha mpinzani. Kila mwaka mwezi wa Juni, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma, hadi leo wanashindana hapo.

Babu yetu alikuwa wa Bagalu. Mzee alikuwa wa Bagika. Basi.

Sijui kama kuna bei ya kitu kilichofuata. Shangazi alisimama katikati ya zile ngoma za watemi, ambazo tulikuwa tumeonywa tusiziguse, na akaanza kumweleza mzee jinsi mwaka fulani Bagalu walivyowanyang'anya Bagika watazamaji wote kwa chatu mmoja, aliyebebwa na babu mwenyewe shingoni. Mzee akasema yule chatu alikuwa ameshiba, chatu aliyeshiba hata mtoto anambeba. Shangazi akasema njoo useme hivyo mbele ya kaburi lake. Wakacheka mpaka mzee akakaa kwenye ngazi. Binamu, ambaye hajawahi kusikia kwamba babu alicheza na nyoka, alikuwa ananitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemficha. Mimi nami ndiyo kwanza nasikia. Saa moja na nusu ikaisha, tukaaga: wabeja, wabeja sana. Mzee akasema Juni tuje, tuone watu wanavyoshindwa.

Tulipokaribia mjini, Igoma, shangazi akaniambia simama. Nikajua. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Rafiki yake wa soko alikuwa ndani, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akileta ndizi. Kaburi lake ni lipi hajui, wala kama yuko hapo kweli, maana wengi walizikwa bila kutambuliwa. Alisimama ukingoni, kanga mabegani, labda dakika tatu. Aliporudi garini akafunga mlango taratibu.

"Alikuwa ananidai elfu mbili za ndizi," akasema. "Mpaka leo."

Noah niliirudisha usiku. Kesho yake asubuhi mwenyewe akapiga simu, sauti imejaa kicheko: dada, nani kanibandikia mamba kwenye gari? Nikamwomba radhi, nikasema nitakuja jioni na maji ya moto na wembe nimbandue. Akasema nisihangaike, watoto wamempenda, na sasa wanamsumbua wanataka kujua ni wapi, wapelekwe Jumamosi. Akaniuliza panafaa?

Nikamwambia choo chao ni kisafi.