Koti la dola elfu moja na mia tano

Tangu theluji ya kwanza ianguke hapa Scarborough, mtaa wa jiji la Toronto, Kanada, nimepata tabia isiyo nzuri: nahesabu makoti ya watu. Nikiwa kituo cha Kennedy nasubiri treni, macho yanakwenda yenyewe kwenye mkono wa koti, pale Canada Goose, kampuni ya makoti ya baridi, wanaposhona nembo yao ya duara. Wengi wenye nembo hiyo ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wanafunzi na watu wa kazi za kulipwa kwa saa, wabeba boksi wenzangu. Swali langu ni la kimbea kabisa. Pesa wametoa wapi?

Maana hesabu haikubali. Koti lao refu, lile zito, linavuka dola 1,500 za Kanada. Weka kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13, unafika 1,695. Kima cha chini cha mshahara hapa tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa, na mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 tu kwa wiki masomo yanapoendelea. Gawanya mwenyewe: ni wiki nne nzima za kazi, kabla ya makato, kabla ya chumba, kabla ya nauli na kula. Hapo sijataja nyumbani, ambako kila mwisho wa mwezi simu inajua kuita.

Basi nimedadisi, kwa watu ninaokula nao pilau Jumapili.

Jibu kubwa kuliko yote ndilo ambalo hakuna anayelitamka. Anayekaa kwa wazazi halipi pango. Kijana aliyekulia hapa, anayekula kwa mama yake na kulala chumba chake cha tangu utotoni, mshahara wa duka la kahawa kwake ni pesa ya mfukoni. Mwenzake wa zamu ileile, kwa mshahara uleule, amepanga chumba cha chini ya nyumba ya mtu na choo anagawana na wapangaji wengine watatu. Wakisimama pamoja kituoni utadhani mmoja anajua kujipanga na mwingine ni mzembe.

Wengine wanalipa kidogo kidogo. Klarna ya Sweden, Affirm ya Marekani, na kampuni nyingine za namna hiyo, zinakuruhusu kuondoka na mzigo leo na deni ukalimalize kwa awamu. Wengine wanachanja kadi ya mkopo, ambayo hapa riba yake huwa kama asilimia 20 kwa mwaka. Ukiwa unalipa kile kiwango cha chini tu, msimu ujao unafika koti bado linadaiwa.

Halafu kuna mtumba, na huko sisi hatuhitaji mwalimu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alianza kwa kutafuta mtandaoni kwa watu wanaouza makoti yao. Akakutana na muuzaji mmoja ndani ya kituo cha treni, akaligeuza koti ndani nje na kuvuta mishono kama mama anayechagua nguo kwenye soko la mitumba la Karume. Akalirudisha. Feki zimejaa, na kampuni imekuwa ikishona kibandiko cha hologramu ndani ya makoti yake tangu 2011 kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2023 kampuni yenyewe ilianza kuuza makoti yake yaliyokwisha kuvaliwa, kumaanisha mtumba nao umepata duka la kifahari.

Mwisho mdogo wangu akanunua jipya, kwa pesa ya upatu.

Hilo ndilo lililonichekesha na kunifikirisha. Upatu ninaoujua mimi ni wa mama zetu: sufuria, ada za shule, mabati ya nyumba. Hapa watu kumi wanatoa dola 150 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anaondoka na 1,500. Hakuna riba, hakuna fomu, na hakuna benki inayoulizia historia yako ya mikopo. Dada wa Kisomali ninaofanya nao kazi wana wa kwao, wanauita hagbad, na wanauendesha kwa nidhamu kuliko sisi. Vijana wetu wakipanga zamu, ugomvi ni wa Novemba. Kila mtu anaitaka Novemba. Mdogo wangu aliipata kwa kulia lia: "Dada, nikisubiri Januari mtanisafirisha kwenye sanduku."

Nikamwambia yapo makoti ya dola 200 yanayozuia baridi hii hii. Akanijibu, "Dada, kuanzia Novemba mpaka Aprili nani ataliona shati langu?"

Nilikosa la kusema. Kwetu Tanga ukitaka kupendeza una shati, una kiatu, una saa, dada ana dera lake jipya, na baraza zima limekuona. Hapa ubishoo wote wa miezi mitano umebanwa kwenye kitu kimoja. Kinachovaliwa ndani anakijua aliyekivaa.

Kinachonisumbua kidogo ni kwamba koti hili halikutengenezwa kwa ajili yetu. Kampuni ilianzishwa hapa Toronto mwaka 1957 na mhamiaji, Sam Tick, na miaka ya 1980 koti lao maarufu lilishonwa kwa wanasayansi wa Antaktika. Nguo ya kusimama nje siku nzima. Leo anayelivaa anatoka kwenye treni yenye joto kuingia darasa lenye joto, huku vijana wanaopeleka chakula kwa baiskeli, wanaokaa nje kweli, wamevaa sweta mbili na koti la mvua.

Picha ilipofika nyumbani, mama mdogo alituma sauti: "Koti zuri mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa ile ada ya mdogo wako, wanaidai Ijumaa." Mtoto hakujitetea. Akatuma pesa, akala tambi na mayai mpaka mshahara uliofuata.

Nami nimeingia kwenye upatu. Mshika fedha aliponiuliza nataka mwezi gani, nikachagua Machi, hakuna aliyeugombania. Machi ndipo watu wanapoanza kuuza makoti yao ili yasiwajazie kabati, na bei ya mtumba inashuka. Mdogo wangu anasema nitalivaa wiki chache kisha nilifungie. Hata hivyo amekubali kwenda nami kulikagua, mradi nauli nilipe mimi.