Siku moja maishani mwangu: luwombo Kibuli, rolex Jinja

Kazi yangu ni kuandika kuhusu chakula na safari. Naishi Nsambya, Kampala, naandika kwa Kiswahili, na mwezi huu nafuatilia vyakula vya Uganda vinavyofungwa au kukunjwa ili vibebeke. Wengi huniuliza siku yangu inakwendaje. Hii hapa moja, tangu alfajiri mpaka taa kuzimwa.

Saa 11 alfajiri

Adhana ya msikiti wa Kibuli, mtaa wa jirani, hunifikia kukiwa bado giza. Nikishaswali nachemsha chai ya tangawizi, nafungua kompyuta na kuzima intaneti. Saa mbili hizi ndizo za kuandika kweli kweli. Zikipita, siku ni ya watu wengine.

Leo natayarisha maswali, maana baadaye nitakaa jikoni kwa Hajati mmoja anayepika luwombo, kitoweo kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kuiva kwa mvuke, kwa ajili ya harusi na maziara. Jani huchumwa kwenye mgomba wa aina gani? Uti unachongwa kabla ya kubabua jani au baada? Nani alikufundisha, na alikuwa akikukemea nini? Hilo la mwisho silikosi kamwe. Mtu ukimuuliza kipimo atakwambia "kiasi". Ukimuuliza alikuwa akikemewa nini, anakupa mapishi yote, na ile sehemu ya hatari ndani yake.

Kwa nini Kiswahili? Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nsambya, Mjaluo, Mteso, Mluhya na Mganda waliishi ukuta kwa ukuta, na lugha ya uani ilikuwa hii. Lakini sababu kubwa ni ya sasa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikaagizwa kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vizuri sana. Basi mtoto wa Soroti au Masaka anayejifunza lugha hii asome nini? Akisoma kuhusu nazi na pweza peke yake, ataiona kuwa lugha ya pwani ya watu wengine. Nataka akifungua ukurasa akute matoke, atapa (ugali wa Wateso), malewa (machipukizi ya mianzi) na mukene (dagaa wa ziwani), vyakula vya kwao, vimeelezwa kwa heshima na kwa usahihi.

Saa 1 asubuhi

Vifaa. Simu, betri ya akiba, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, kitambaa safi cha pamba, daftari, kalamu mbili. Kitambaa ni cha kupangusia lenzi, kwa sababu mvuke wa jikoni huitia ukungu na usipoangalia utarudi na picha za moshi mtupu.

Saa 2 na nusu

Hajati ameniagiza nipitie soko la Owino. Jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ila kondakta ukimwambia hivyo atakutazama mara mbili. Nanunua karanga zilizosagwa na uyoga mkavu. Muuzaji wa karanga anasaga mbele yangu: karanga nyekundu zilizokaangwa kidogo zinaingia juu ya mashine, uji mzito wa rangi ya udongo unateremka chini. Naomba kurekodi ule mlio, anakubali, kisha anapandisha sauti kuita wateja ili naye asikike. Tunacheka, nalipa kwa simu, naondoka kwa boda.

Saa 4 asubuhi

"Asalaam alaikum, Hajati."

"Waalaikum salaam, mwanangu. Karibu. Leo nataka ushike kisu kwanza, hiyo simu itasubiri."

Simu naisimamisha kwenye dirisha inarekodi, mimi naketi juu ya mkeka. Naomba msomaji uvumilie hapa nieleze polepole, maana luwombo inaanzia kwenye jani, na kwenye jani ndipo wengi wanaporuka.

Jani huchumwa changa, pana, lisilochanwa na upepo. Hajati analipitisha juu ya makaa, halikai mahali pamoja, linatembea kama nguo inayopigwa pasi. Rangi yake kavu ya kijani inageuka, inang'aa, inakoza, na harufu yake inapanda tamu kidogo. Jani lililobabuliwa vizuri hukunjika bila kulia. Ukisikia "pwa!", limepasuka na halifai tena. Halafu linalazwa kifudifudi na ule uti mnene wa katikati unachongwa kwa kisu, nyembamba nyembamba, hadi jani lote lilale bapa. Kisu kinakwenda kwa ubavu. Kikisimama kinatoboa.

Namuuliza lile swali langu. Anatabasamu kabla sijalimaliza.

"Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupiga. Jani likinipasukia ananirudisha shambani nikachume jingine, na jua lile! Ndiyo maana mikono yangu leo ina adabu."

Kuku ni wa kienyeji, amekwisha kubanikwa juu ya moto mdogo asubuhi ile, nyama imekaza na ina harufu ya moshi. Karanga zinakorogwa na maji ya uvuguvugu, chumvi, vitunguu, nyanya na ule uyoga. Jani moja linawekwa ndani ya bakuli likawa kama kikombe, kipande cha kuku kinakaa katikati, rojo linamiminwa juu. Kisha kingo za jani zinakusanywa pamoja, zinapotwa shingoni, na kufungwa kwa ukambaa wa gome la mgomba uliokwisha kulowekwa ili usikatike. Kila mgeni ana furushi lake. Kwa karamu ya watu 50 ni mafurushi 50, na kila moja limepitia moto, kisu na kufungwa kwa mkono.

Simulizi inayojulikana zaidi inasema aliyeanzisha luwombo ni Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Chakula cha ikulu, basi. Lakini tazama ufundi wenyewe: jani ni chungu, ni kifuniko, ni sahani, na ni chombo cha kubebea. Mgomba mmoja umetoa vyote hivyo, na kamba juu yake. Nikisikia watu wakisema ubunifu umekuja na kompyuta, ninalikumbuka furushi hili.

Chini ya sufuria kubwa Hajati anapanga vipande vya uti wa majani, anatia maji yasiyozidi hapo. Juu yake unakaa mzigo wa matoke yaliyomenywa na kufungwa kwenye majani yao, na juu ya matoke ndipo luwombo zinapokaa, wima, zimebanana zisilale. Majani mengine yanafunika yote na kushindiliwa pembeni. Mvuke hauna pa kutokea. Saa mbili nzima hakuna anayefunua.

Saa 7 mchana

Matoke yanatolewa, yanakandwa yakiwa bado ndani ya jani, Hajati akitumia viganja na kitambaa kinene, kisha yanarudi motoni yaive taratibu hadi yalainike kabisa. Furushi langu linafunguliwa mbele yangu. Mvuke wa kwanza ni wa jani, wa pili ni wa moshi wa kuku, karanga zinafuata. Rojo limekuwa zito, mafuta ya karanga yamepanda juu kwa duara ndogo za rangi ya chungwa. Natia tonge la matoke. Kwa dakika kadhaa sirekodi chochote.

Kabla ya kuaga namwonyesha Hajati picha zote na kumuuliza ni zipi nisitumie. Anaondoa mbili ambazo wajukuu wake wanaonekana. Zinafutwa palepale. Tena, picha za simu huwa zimebeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Mtu mwenye nia anaweza kufuata mpaka mlangoni. Nafuta taarifa hizo kwenye kila picha ya nyumbani kwa mtu. Ukikaribishwa jikoni usiondoke ukauacha mlango wazi kwa dunia nzima.

Saa 9 alasiri

Old Taxi Park, gari la Jinja. Tunakaa tukisubiri lijae abiria 14, na hapo ndipo napunguza picha. Iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 4 naishusha hadi kilobaiti 150 hivi. Kwenye skrini ya simu macho hayaoni tofauti, mfuko unaiona. Watu wetu wamelipia sana kusoma: Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikabadilishwa ikawa asilimia 12 juu ya data. Mwandishi anayepakia picha nzito anampandishia msomaji wake bei mara ya pili. Kwangu hilo ni suala la adabu.

Barabara naijua: Nakawa, Kireka, Bweyogerere, Seeta, Mukono, foleni kila mahali. Namawojjolo gari halijasimama sawasawa na vijana wenye makoti ya kazi wamekwisha kufika madirishani, mikono yote miwili imejaa mishikaki, mapaja ya kuku na gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma. Nanunua gonja. Hiki nacho ni chakula cha safari, kimetiwa kijiti ili abiria ale bila kuchafua nguo ya jirani.

Lugazi ni miwa. Halafu Mabira, na hewa inabadilika ghafla, baridi, yenye unyevu. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga mpango wa kutoa sehemu ya msitu huu ulimwe miwa, na wengine walipoteza maisha. Kila nipitapo hapa natazama miti na kuwashukuru.

Saa 12 jioni

Tunavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525 na nyaya zinazoshuka kutoka kwenye nguzo zake. Pembeni ni bwawa la zamani la Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Maji yalipopanda yaliyafunika maporomoko ya Ripon, yaleyale aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862. Nashukia mjini. Barabara kuu ya Jinja ina majengo ya Wahindi yenye mwaka wa ujenzi umechongwa juu ya paji la nyumba. Wenyewe walifukuzwa na Amin mwaka 1972. Baadhi walirudi baadaye, na chapati haikuondoka kamwe.

Saa 1 na nusu usiku

Kwa ajili ya chapati hiyo nimekuja. Rolex, chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, inasifiwa Kampala, hasa Wandegeya penye wanafunzi wa Makerere, lakini wengi husema asili yake ni Busoga, upande huu wa Jinja, na mimi nataka kuila huku. Kijana mwenye sigiri pembeni mwa barabara ananiruhusu nisimame ubavuni mwake.

Unga umekandwa mapema na kupumzishwa. Madonge yamefunikwa na plastiki yasikauke. Mayai mawili yanapasuliwa kwenye kikombe, kabichi na kitunguu vilivyokatwa nyembamba vinaingia, chumvi, uma unapigwa kwa kasi. Yanamwagwa juu ya kikaango bapa. Sasa angalia: chapati inawekwa juu ya mayai yakiwa bado mabichi upande wa juu, ili yashikane nayo. Ukichelewa, mayai yameshaiva na hayashiki tena, ukikunja yanateleza na kutoka nje. Inageuzwa, nyanya zinapangwa, inakunjwa, inafungwa kwenye karatasi.

Namwambia nimeiona hiyo ya mayai kushikana na chapati. "Dada, hiyo ya kushikana nani alikufundisha kuiona?" ananiuliza.

"Hajati mmoja wa Kibuli. Amenifundisha kutazama mikono."

Anacheka, anapasua mengine. Nyuma yangu kuna dereva wa lori anayekwenda Busia, mwalimu, na watoto wawili waliotumwa na mama yao. Wote wanazungumza naye Kiswahili kilichochanganyika na Kisoga, na yeye anajibu huku mkono hausimami.

Saa 3 usiku

Chumba cha wageni, meza ndogo, feni. Nahamisha sauti na picha kwenye kompyuta, kisha nakala ya pili kwenye diski ya nje. Sifuti chochote kwenye simu kabla ya nakala zote mbili kukamilika.

Naandika sehemu ya jani kwanza ikiwa bado moto kichwani. "Kubabua" linakaa palepale pake; "kuchoma" lingemdanganya msomaji, angeliunguza jani. Nikimaliza najisomea kwa sauti, narekodi, na kumtumia Hajati, kwa sababu yeye hupenda kusikia kuliko kusoma maandishi madogo. Jibu linakuja baada ya muda mfupi:

"Umesema vizuri. Ongeza kwamba maji yakipungua hayaongezwi ya baridi. Ya moto tu, na yapitie pembeni yasimwagikie luwombo. Na maganda ya matoke ni ya mbuzi, mtu asitupe."

Naongeza vyote viwili, neno kwa neno. Makala itatoka Ijumaa. Kesho nina miadi Masese, ufukweni mwa ziwa hapa Jinja, saa 12 asubuhi, mitumbwi ya mukene inapoingia. Wanawake wanaoanika wamekubali nikae nao mpaka samaki wakauke, kwa sharti kwamba nisaidie kugeuza.