Nilivyoandika riwaya ya wapenzi wa kuigiza msimu wa Krismasi

Riwaya ya Krismasi huandikwa wakati hakuna anayewaza Krismasi. Vitabu vya msimu huo huanza kuonekana madukani Oktoba na Novemba, na kabla ya hapo mswada lazima upite kwa mhariri, kwa msahihishaji, kwa mchoraji wa jalada na kwa mchapaji. Kwa hiyo nilikuwa naandika watu wakifungua zawadi huku kalenda ya ukutani ikisema Machi. Hilo mtu huzoea. Kilichonitoa jasho ni uongo wenyewe.

Msuko wa riwaya hizi unajulikana. Watu wawili wanakubaliana kujifanya wachumba kwa siku za sikukuu, wanakwenda kwa ndugu wa mmoja wao, ndugu wanaamini, na mwishowe hata wao wanaamini. Msomaji anajua wataoana kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, wala hataki umbadilishie mwisho huo. Anachotaka ni kusadiki kwamba watu wazima wenye akili zao wangeingia kwenye upuuzi wa namna hii.

Sababu ya kwanza inayomjia kila mwandishi ni kuchoshwa na swali la "utaolewa lini". Ni nyepesi mno. Swali hilo lina jibu la "Mungu akipenda" na mazungumzo yakaendelea. Nilihitaji sababu ambayo mtu akiiacha anaumia. Basi Neema wangu alivunja uchumba na hakumwambia mtu kisa chake, na mama yake, kwa nia njema kabisa, amemwalika yule mchumba wa zamani aje wapatane. Akija na mwanamume mwingine, suluhu inakufa bila yeye kulazimika kueleza lolote. Daudi naye? Miswada mingi ya aina hii humsahau huyu wa pili, kana kwamba watu hujitolea tu kudanganya familia za wenzao. Daudi anadai analipa fadhila ya zamu za usiku ambazo Neema alimshikia kazini. Ukweli ni kwamba hana pa kwenda sikukuu, na kulitamka hilo kungemwia vigumu kuliko kudanganya ukoo mzima.

Mbinu yenyewe ni ya kale. Katika As You Like It, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika karibu mwaka 1599, Rosalind amejivika mavazi ya kiume, na anamwambia Orlando amtongoze kana kwamba yeye ndiye Rosalind. Orlando anaona ni mchezo wa kujiliwaza. Anayoyasema, hata hivyo, anayasema kwa dhati, na aliye mbele yake ndiye hasa anayestahili kuyasikia. Nilipoirudia tamthilia hiyo nikaacha kuhangaika jinsi ya kuulinda uongo wa wahusika wangu. Nikaanza kujiuliza ni ukweli gani wasingethubutu kuusema bila kujificha nyuma yake.

Hapo ndipo sura ya mezani ilipokuja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Njiani walikuwa wamekariri majibu: walikutana wapi, nani alianza kumpigia mwenzake, nani alitamka mapenzi kwanza. Mjomba hakuuliza hata moja kati ya hayo.

"Na huyu akikasirika, kijana, wewe unajuaje?"

"Anakunja karatasi yoyote iliyo karibu, mjomba. Risiti, tiketi, bahasha. Ikifika pembe ndogo kabisa, hapo usimsemeshe."

Meza nzima ikacheka. Neema alikuwa na kadi ya Krismasi mkononi, imekunjwa hadi haikunjiki tena. Jibu hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi popote. Mjomba ameridhika, mdogo wake Neema ameanza kumwita Daudi shemeji kwa sauti ya juu zaidi, na ni watu wawili tu pale mezani wanaojua kwamba hapakuwa na maigizo.

Katikati ya kitabu ndiko riwaya nyingi hulegea, na yangu ilinusuriwa na ratiba. Nilichora jedwali: wanafika tarehe 23 Desemba, wanaondoka tarehe 2 Januari, na mbele ya kila siku nikaandika nani yumo nyumbani. Nilichoona kikanifurahisha. Nyumba inajaa hadi tarehe 25, kisha kuanzia tarehe 26 wageni wanaanza kufungasha. Mashahidi wanapungua, kwa hiyo na sababu ya kushikana mikono inapungua. Tarehe 28 Neema na Daudi wamekaa kwenye kochi, chumbani hamna mtu ila mtoto wa dada amelala, na mikono yao bado imeshikana. Hakuna wanayemwigizia. Sikuhitaji chumba chenye kitanda kimoja wala gari lililokwama usiku, ingawa vyote viwili vilikuwamo kwenye mpango wa awali.

Kufichuka kwa siri nilikutaka kuwe tofauti. Sipendi mtu anayesikia kila kitu nyuma ya mlango. Ni ujanja wa mwandishi aliyechoka. Neema anakwenda kwa mama yake mwenyewe.

"Mama, Daudi si mchumba wangu. Tulikubaliana tu."

Mama anaendelea kupanga shuka. "Na yule wa kwanza, mwanangu? Alikufanya nini hata ukaona bora unidanganye?"

Swali hilo liliniandikia sura mbili zilizofuata. Mama hakuumia kwa ajili ya Daudi, aliumia kwa siri aliyofichwa, na ugomvi wa kweli wa kitabu ukawa kati ya mama na binti. Wapenzi walitengana kwa siku moja tu, jambo ambalo wapo watakaoliona ni kidogo. Kwangu ilitosha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkasi. Riwaya za aina hii huwa na maneno kama 50,000 hadi 90,000, na mimi nilikuwa nimepita huko juu. Nilichokata zaidi ni mapambo: nyimbo, mishumaa, aya nzima za utepe. Taa za mti zilibaki kwa sababu zilizimika wakati Daudi anahitaji kusema jambo gizani.

Mhariri aliupenda mwisho, ila akataka sura ya nyongeza ya Krismasi inayofuata, yenye pete na mtoto. Pete nilimpa. Mtoto nilikataa.