Siku moja kati ya mawe ya Chunya na hesabu za Mbeya

Saa 11 alfajiri natoka Mwanjelwa nimevaa sweta mbili. Juni ya Mbeya inauma mpaka kwenye meno. Gari linapanda Kawetere ndani ya ukungu, dereva kawasha taa, hatusemeshani. Tukishavuka kilele tunaanza kuteremka, na tunapofika Chunya sweta zote ziko kwenye begi. Mimi ni mjiolojia. Kazi yangu ni kukadiria madini yaliyo chini ya ardhi, kuyapanga kwa madaraja na kuyaandikia ripoti yenye sahihi yangu. Wiki hii ni dhahabu, kwenye leseni ya kikundi cha wachimbaji wadogo ambacho kimeingia ubia na mwekezaji ili kuchoronga mashimo tisa.

Saa 2 asubuhi nakuta masanduku yamepangwa kivulini. Kila sanduku lina vipande virefu vya mwamba vya mviringo, kora, kama vilivyotoka kwenye mtambo. Navimwagia maji ili rangi ionekane, natafuta jiwe jeupe la kwatzi lenye kutu ya chuma, napima limeanzia mita ngapi na kuishia ngapi. Kisha kora inapasuliwa kwa msumeno katikati, kwa urefu wake. Nusu inaingia mfukoni kwenda maabara, nusu inabaki sandukuni.

Nusu hiyo inayobaki naitunza kuliko simu yangu. Kule Busang, Indonesia, kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X iliwaaminisha watu kwamba imepata mojawapo ya hazina kubwa za dhahabu duniani. Mwaka 1997 ikagundulika kwamba dhahabu ilichanganywa kwenye sampuli baada ya mawe kusagwa. Walikuwa wakisaga kora yote, hivyo hapakubaki nusu ya kurudia kupima. Watu wa kawaida walipoteza akiba zao za uzeeni. Kanada ikatunga kanuni mpya za kuripoti madini, zikaanza kutumika 2001. Kwa hiyo kijana wangu wa masanduku akiniuliza kwa nini tunabeba mawe yaliyokwisha kupimwa kwenda kuyafungia stoo, namsimulia Busang, na simfupishii.

Katika kila sampuli 20 naingiza jiwe tupu lisilo na dhahabu kabisa, na unga wa mwamba ambao kiwango chake cha dhahabu kinajulikana tayari. Maabara haijui ni ipi. Jiwe tupu likisoma dhahabu, najua kuna uchafu kwenye mashine zao, na kundi zima linarudiwa.

Saa 4 ni zamu ya ndoo na mzani. Kipande kinapimwa kikiwa hewani: gramu 1,340. Kinaning'inizwa ndani ya maji: gramu 840. Tofauti ni 500, nagawanya 1,340 kwa 500, napata 2.68, yaani tani 2.68 kwa kila mita ya ujazo. Ni kazi ya dakika tano ambayo wengi huiruka na kuandika namba ya kukisia. Mimi siiruki, maana bila uzito wa jiwe huwezi kugeuza mita za ujazo kuwa tani, na kosa dogo hapo linazidishwa na maelfu ya mita.

Saa 6 mchana anakuja mzee mwenyekiti wa kikundi. Nampa shikamoo, anaitikia, anakaa juu ya sanduku tupu.

"Mwanangu, tuambie tu. Kuna kilo ngapi?"

"Baba, majibu ya maabara yanaingia leo. Nikikutajia kilo sasa hivi nitakuwa nakudanganya."

Ananyamaza. Kisha ananieleza yule mtaalamu aliyepita mwaka juzi, akaokota mawe matatu juu ya ardhi, akawaambia kilo 500. Wakakopa, wakanunua karasha na kompresa. Kwenye mita 18 jiwe lenye dhahabu likakata, likaisha. Deni lipo mpaka leo. Nilimsikiliza nikiwa na hasira, kwa sababu yule mtu alilipwa na kuondoka, na namba yake ikabaki kijijini ikidai.

Nikachora chini kwa kijiti. Mkanda wa jiwe umeonekana kwenye mashimo kwa urefu wa mita 200, kwenda chini mita 100, unene wa wastani mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 30,000, karibu tani 80,400. Lakini kati ya shimo na shimo pana nafasi kubwa, na hapo katikati sijui kama jiwe linaendelea au limekata kama lilivyokata kwenye duara lake, yaani shimo lao la kuchimbia. Ndiyo maana madini yaliyo ardhini yana madaraja matatu: yaliyokisiwa, yaliyodokezwa na yaliyopimwa, kufuatana na ukaribu wa mashimo na uhakika wa sampuli. Halafu kuna akiba, ambayo ni sehemu ya hayo yaliyodokezwa au kupimwa, baada ya kuhesabu gharama za kuchimba, jiwe litakalopotea, bei na vibali. Yaliyokisiwa hayaruki kwenda kuwa akiba.

Mzee, ambaye amelima tumbaku miaka mingi, akanikatiza. "Kuna tumbaku ya shambani, kuna ya kwenye bani la kukaushia, na kuna ile iliyokwisha kupanda mzani wa soko. Benki inakopesha kwa ipi?" Sikuwa na la kuongeza.

Saa 10 jioni niko ofisini Mbeya na majibu yamefika. Sampuli 47 za ndani ya mkanda, wastani gramu 4.0 kwa tani. Ukizidisha harakaharaka unapata kilo 321 na ushee, na ningeweza kufunga kompyuta nikaenda nyumbani. Ila sampuli moja imesoma gramu 96. Inayoifuata kwa ukubwa ina 27. Nilishapeleka pia, kama kipimo cha kurudia, sehemu ya ile nusu iliyobaki ya kipande hicho hicho, ikasoma 11. Dhahabu ya chembe kubwa ndivyo ilivyo: chembe moja ikiingia mfukoni, mfuko mzima unasema uongo. Naishusha ile 96 mpaka 30, wastani unashuka hadi 2.6, na kilo zinabaki 209.

Kilo 112 zimepotea kwa sababu ya jiwe moja! Narudia hesabu mara tatu. Kisha nafanya krigingi, njia iliyotokana na kazi ya Danie Krige wa Afrika Kusini mwaka 1951, inayoipa kila sampuli uzito kulingana na umbali wake kutoka mahali panapokadiriwa. Jibu linakaa palepale.

Saa 12 jioni mwekezaji anapiga. Anaomba daraja liandikwe "yaliyodokezwa", namba itavutia zaidi. Namjibu kwamba kwa kanuni za kuripoti madini za JORC, za Australia, tunazofuata, anayeweka sahihi lazima awe na uzoefu wa angalau miaka 5 na aina hiyo ya madini, na uzoefu wangu ndio unaoniambia mashimo tisa hayatoshi.

Nyumbani, ugali ukiwa mezani, mpwa wangu anauliza juu ya gesi ya heliamu ya Rukwa. Mwaka 2016 zilitajwa futi za ujazo bilioni 54, kabla kisima cha kuitafuta heliamu hiyo hakijachimbwa. Namweleza kwamba hayo yalikuwa makadirio ya kitu kilichokuwa bado kinatafutwa. Gesi asilia yetu ya futi za ujazo trilioni 57 nayo ni ile iliyomo ndani ya miamba, haitatoka yote. Kwenye mafuta na gesi akiba hutajwa kwa uwezekano: kiasi chenye uhakika wa asilimia 90, cha 50, na cha 10. Gazeti likitaja namba moja bila kusema ni ipi, mwambie mwalimu wako aulize.

Saa 3 usiku nampigia mzee.

"Baba, ni kilo 209, na ni kisio. Ukizichimba hutazipata zote. Tunahitaji mashimo sita zaidi katikati ya haya."

Kimya kirefu. Nasikia redio yake nyuma.

"Kwa hiyo bado iko shambani."

"Bado, baba."

"Basi kwenye karatasi yetu ya Kiswahili anza na neno kisio, tena kwa herufi kubwa, namba ije chini yake. Vijana wangu husoma mstari wa kwanza tu."

Nimelifuta jedwali la namba nililokuwa nimeliweka juu ya ripoti. Naanza upya na KISIO.