Nilifuata kinyonga Amani, nikarudi na jongoo

Nilienda Amani, ule msitu wa hifadhi kwenye milima ya Usambara, kumtafuta kinyonga wa pembe tatu. Hilo niliseme mapema maana watu wananiuliza mbona picha zote nilizorudi nazo ni majongoo. Kinyonga sikumwona, siku mbili zote, basi yameisha hayo.

Dar mpaka Muheza sina la kusema, ni barabara ileile ya Tanga na machungwa yaleyale dirishani. Muheza ndo nikaibiwa kistaarabu. Basi la kupanda mlimani lilishaondoka, bodaboda akaniambia elfu thelathini, nikacheka, akacheka na yeye, nikalipa elfu ishirini na tano. Njiani yule abiria tuliyemkuta amekwama na mzigo wa ndizi kapakiwa kwa elfu saba! Mvua ya masika ilikuwa imeshika, kile kilima baada ya geti la hifadhi pale Sigi tukateremka tukasukuma wote watatu, na ndizi zake. Gesti (jina lake sitalitaja) maji ya moto yalikuwa ya kuombwa jikoni kwa ndoo na blanketi lilinuka moshi. Elfu arobaini bila chai.

Asubuhi nikapata mzee mmoja wa kunizungusha msituni. Nikamwamkia, akaniita mjukuu, tukaanza kutembea. Hatujafika hata mbali nikamwona jongoo mweusi amekatiza njia, mnene kama kidole gumba, mrefu zaidi ya kiganja cha mtoto wa chekechea. Mimi huyo, mtoto wa Mbagala niliyekulia na majongoo, nikamwokota ili nipige selfi. Mzee akasema taratibu mjukuu, huyo amekasirika. Nikamwambia jongoo anakasirikaje na yeye hana hata meno? Akajikunja mkononi, nikahisi majimaji ya rangi ya chai, nikafuta kwenye suruali. Jasho likanishuka, nikapangusa jicho.

Aisee.

Sijui niseme pilipili au niseme nini. Nilikaa chini kwenye tope, mtu mzima, nalia mpaka kamasi. Mzee akanishika mikono yote miwili kwa nguvu, "usifikiche, usifikiche", akanilaza kichwa kwenye mzizi akawa ananimiminia maji yake ya kunywa jichoni, chupa nzima, halafu akanikokota hadi kwenye kijito tukaendelea. Karibu nusu saa hivi ndo nikaanza kuona miti. Na wakati ananimwagia alikuwa anafundisha, yaani mimi nalia yeye anafundisha. Jongoo hang'ati, ana vitundu ubavuni karibu kila pingili, humo ndo dawa yake inatokea. Anayeng'ata ni tandu, na ukitaka kuwatofautisha hesabu miguu ya pingili moja: tandu jozi moja ya miguu, jongoo jozi mbili, ukiacha zile chache za mbele karibu na kichwa.

Nilivyopata macho yangu nikawa mwanafunzi mzuri. Akageuza gogo bovu, chini yake kulikuwa na mtaa mzima. Kuna wembamba kama uzi. Kuna wa bapa, weusi wenye madoa ya njano pembeni, akanisogezea mmoja juu ya jani (sikugusa tena mimi!) akasema nusa. Harufu ya lozi chungu. Hiyo harufu inatoka pamoja na sumu ya sianidi, ndugu yake na ile ya wachenjuaji dhahabu kule Geita, mdudu anaitengeneza mwenyewe mwilini. Akamgeuza mweusi mwingine kwa kijiti akanionyesha pingili ya saba: dume pale hana miguu ya kutembelea, imegeuka kuwa vifaa vya kupandia jike, na umbo la vile vifaa ndo wataalamu wanalitazama kwa darubini kujua huyu ni wa aina gani, maana kwa nje wanafanana kama mapacha. Kumbe ndo maana Henrik Enghoff, yule Mdenishi wa makumbusho ya Copenhagen, ameandika majongoo mapya kibao kutoka milima yetu hii, Usambara na Udzungwa. Kila mlima umekaa peke yake miaka mingi sana na jongoo hana mabawa ya kwenda kuoa mlima wa jirani. Nikamtania mzee, kwa hiyo jongoo wa huku anapanda mtungi? Akacheka mpaka akashika mti.

Ila kilichonimaliza ni choo cha fungo. Fungo hujisaidia palepale kila siku, na lile lundo lilijaa pingili tupu za jongoo, zinang'aa kama bangili zilizovunjika. Ile sumu iliyoniliza mimi yeye anaila kama karanga.

Usiku, jicho jekundu, nikawaza nyumbani. Masika zamani Mbagala walikuwa wanapanda mpaka ukutani, mama anawatoa mmojammoja kwa njiti ya chelewa na anatupa vyote, jongoo na mti wake kama msemo unavyotaka. Siku hizi sijui lini nimemwona mmoja uani. Tumeweka pevingi, majani ya mwembe tunayachoma kila Jumamosi, na yule mdudu chakula chake ni hayohayo majani yaliyooza, anayatafuna yanarudi kuwa udongo. Tunamchomea ugali halafu tunanunua mbolea ya mifuko kwa ajili ya maua ya kopo. Hiyo bei ya mbolea nisiianze.

Vidole vimebaki rangi ya kahawia iliyoiva, wiki ya pili sasa, sabuni, ndimu, wapi. Ofisini wananiuliza nimeoa lini nikapakwa hina. Mama nilimpigia nikamweleza yote, akakaa kimya kidogo, akauliza, "Ulimshika kwa mkono?" Nikasema ndiyo.

"Basi ukija Idi sufuria zangu usiguse."